Usitume hela! Kitabu cha Tactics cha 1998 hakiendi na PSP yako

Ndugu yangu wa Wete, kama hela hujaituma, usiitume. Kama ushaituma, mpigie huyo muuzaji sasa hivi, haya utasoma baadaye.

Umeuliza mambo manne: kama kitabu cha mbinu cha gemu ya Final Fantasy Tactics anachokuuzia mtu wa Dar kinafaa, kama bei yake ni ya haki, kama kitafika Pemba kwa boti bila kuharibika, na namna ya kukitunza kisiote ukungu. Ukaweka picha ya jalada tu, na ukasema unacheza kwenye PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi. Nilipofika hapo kwenye PSP nikashtuka, maana jalada hilo nalijua. Kitabu hicho ni cha gemu ya PlayStation iliyotoka Marekani 1998. Ya kwako ni The War of the Lions, gemu hiyohiyo iliyotengenezwa upya kwa PSP, ya 2007.

Huyo bwana atakwambia kama nilivyoambiwa mimi nilipokinunua changu pale Darajani: "Tactics ni Tactics, hadithi ni ileile." Hadithi ni ileile kweli. Ramza, shujaa unayemchezea, ni yuleyule na rafiki yake Delita ni yuleyule. Lakini nani ananunua kitabu cha mbinu kwa ajili ya hadithi? Hadithi unaoneshwa bure kwenye skrini!

Sikiliza kilichobadilika. Tafsiri ya Kiingereza ya 1998 ilijaa makosa, na 2007 wakaiandika upya: majina ya kazi (fani unazowapa wapiganaji wako), ya uwezo, ya watu, ya miji. Calculator wa kitabuni kwako ni Arithmetician. Lancer ni Dragoon, Mediator ni Orator. Algus anaitwa Argath, na mji wa Igros ni Eagrose. Mtu mwenye subira angeyamaliza hayo kwa daftari na kalamu. Balaa liko kwenye masharti ya kufungua kazi. Kitabu kinakwambia Knight akifika levo ya 2, Monk anafunguka. Kwenye PSP anataka levo ya 3. Kwa Ninja kitabu kinataka Archer 3 na Thief 4, PSP inataka 4 na 5. Mimi nikaona kazi hazifunguki, nikaamini diski ni mbovu, nikaipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, akaipuliza, akala hela yake, na Monk hakufunguka.

Hayo yote madogo. Kilichonimaliza ni Riovanes.

Ukifika ngome ya Riovanes unapigana kwanza getini. Ukishinda, gemu inakuuliza kama unataka kusevu. Tafadhali, usibonyeze haraka! Ukisevu juu ya sevu yako ya pekee, hutoki tena kwenda kwenye ramani. Hununui kitu, hupati vita vya pembeni vya kujiongezea levo. Mlango uliobaki ni mmoja, na nyuma yake yuko adui, Wiegraf, anamsubiri Ramza, wawili tu, jeshi lako lote liko nje. Ukimzidi nguvu anageuka zimwi na kuita mashetani yake, na hapo ndipo wenzako wanaingia.

Dawa yake wachezaji wanaijua: Ramza abaki na kazi yake ya Squire, ajipandishe kasi kila zamu inapomfikia, mpaka awe anacheza mara mbili tatu kabla Wiegraf hajainua upanga. Kitabu kinauita uwezo huo Yell. Nikaitafuta Yell kwenye orodha yangu tangu mwanzo wa gemu, sikuiona, nikasema labda inakuja baadaye, JP zangu, zile alama za kununulia uwezo, nikazimalizia kwenye mambo mengine. Kumbe kwenye PSP inaitwa Tailwind, iko palepale mbele ya macho. Nilipoigundua nilikuwa ndani ya ngome, nshasevu, JP sina. Nikajaribu kila usiku baada ya tarawehe mpaka daku, Wiegraf ananikata zamu ya pili, ya tatu, narudi. Mwisho nikaifuta nikaanza upya kutoka Orbonne, mwanzo kabisa wa gemu. Ramadhani nzima ya usiku ikaenda na maji.

Nikamrudia yule muuzaji. Hajawahi kuishika PSP maishani mwake, lakini aliniapia mchana kweupe kwamba kitabu "kinakubali mashine zote". Safari hii akanifungulia kurasa za katikati, gundi ishakauka, zinamchomoka mkononi, ananambia: tazama rangi hizi, utapata wapi kitabu cha rangi kama hiki? Mwenyewe wa mwanzo alikuwa ametia alama za peni pembeni ya kila silaha aliyoipata. Huyo kilimfaa, alikuwa na PlayStation! Hela hakunirudishia hata nusu, na mpaka leo nikipita pale namuona kapanga vingine, jalada juu, ndani hafungui mtu mpaka alipe.

Kwa hiyo jalada lisikudanganye. Muuzaji akupigie picha ukurasa wenye orodha ya kazi. Ukiona Calculator, kiache. Ukiona Arithmetician, pamoja na Dark Knight na Onion Knight, hapo ndiyo uanze kuzungumza bei. Tena linganisha sharti la Monk na PSP yako ikiwa mkononi. Na ukija kuhamia The Ivalice Chronicles, toleo jipya la gemu hii la 2025, hicho cha 2007 nacho usikiamini kichwa kichwa, maana Dark Knight humo hawakumtia.

Msitegemee kwamba kitachapishwa kingine kilichosahihishwa. BradyGames, wachapishaji wa vitabu hivi, iliunganishwa na wenzao Prima 2015, na Prima wenyewe wakatangaza mwishoni mwa 2018 kwamba wanafunga. Vinavyozunguka sasa ni vya mkono wa pili vitupu, ndiyo maana wauzaji wanajiamini. Na kuna vibaya zaidi: kile rasmi cha Final Fantasy IX cha mwaka 2000 kila baada ya kurasa kadhaa kinakwambia maelezo kamili kayatafute kwenye tovuti ya PlayOnline, na kurasa hizo za mtandaoni hazipo tena. Umenunua kitabu cha kukuelekeza kwenye hewa.

Boti isikutie wasiwasi, kifungwe nailoni mbili tu na kisipangwe chini ya mizigo ya watu. Lakini hiyo ni baada ya picha. Muombe leo ukurasa wa kazi, uuweke hapa, mimi baada ya Isha nipo, nitausoma mstari kwa mstari kabla hujatoa hata senti. Akikataa kupiga picha, abaki na kitabu chake.