Kwenda Kin (Kinshasa) saa moja na nusu, kurudi Lushi (Lubumbashi) saa tatu na nusu?

SWALI: Jambo Bwana Mhariri. Mtoto wangu anaenda Kinshasa, tiketi inaandika anatoka Luano, uwanja wa ndeke wa huku, 10h00 anafika N'djili, uwanja wa kule, 11h30. Siku ya kurudi anatoka kule 13h00 anafika huku 16h30. Nikapiga hesabu: kwenda saa moja na nusu, kurudi saa tatu na nusu! Shemeji anasema ni upepo, jirani naye anasema ndeke inarudi kwa kuzunguka. Ao ni kosa ya tiketi?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Jambo Mama. Kosa hakuna, na ndeke haizunguki. Kwenda ni saa mbili na nusu, kurudi vilevile, kinachokuchanganya ni saa ya ukutani. Congo yetu iko na saa mbili: sisi wa Katanga, pamoja na Kasai, Kivu mpaka Kisangani, tuko mbele ya Kin kwa saa moja. Na tiketi daima inaandika saa ya mji wenyewe, kutoka ni saa ya huku, kufika ni saa ya kule.

Sasa chukua kalamu. 10h00 ya Lushi, Kin bado ni 9h00. Ongeza saa mbili na nusu, 11h30, ndiyo hiyo. Kurudi, 13h00 ya Kin huku imeshakuwa 14h00, ongeza tena, unapata 16h30.

Umbali wenyewe, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 1,570 (barabara inapita 2,000, hiyo tusiiongelee hata). Ndeke ya jeti inakimbia kama kilometa 800 kwa saa, basi hewani ni kama masaa mawili, halafu kuna kupanda, kushuka na kule kutembea chini polepole kabla ya kuruka na ukishatua. Upepo wa shemeji upo, lakini unacheza na dakika tu, hauwezi kula masaa mawili. Ila kama tiketi inaonyesha anatua kwanza Mbuji-Mayi, hapo ni hesabu ingine.

Kin iko magharibi, jua linatufikia sisi kwanza, kule linachelewa karibu dakika 50, wakubwa wakaona bora waandike saa nzima.

Mimi mwenyewe safari ya kwanza nilisahau kurudisha saa ya mkono nyuma, nikafika kwenye randevu saa nzima mbele, nikakaa kwenye kiti cha plastiki naangalia mlinzi anafagia. Simu ya mtoto itajibadilisha yenyewe ikipata rezo, saa ya mkono hapana.

Kwa hiyo siku ya kurudi, akikupigia "Mama, ni saa saba, tunaruka", saa yako itakuwa inasema saa nane. Uwe Luano saa kumi na nusu. Na umwambie atoke mapema kwenda N'djili, ambuteyaje (msongamano wa magari) ya Boulevard Lumumba inaweza kupita hata hiyo safari ya ndeke.