Kabla hujapeleka kitunguu Ngazija, uliza siku ya kushusha

Wiki iliyopita, niliposema hapa kwamba mzigo wangu wa mwezi wa saba umelipwa wote, kijana mmoja wa Likoni aliniandikia: "Shikamoo mama. Nina laki tatu, nataka kupeleka vitunguu Komoro kama wewe. Nianze wapi?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Basi nawaandikia nyote, maana najua wengi mnaoamkia soko la Kongowea alfajiri mna hamu hiyo hiyo.

Neti 250, ile mifuko ya wavu ya vitunguu, ziliuzwa, hakuna deni. Namshukuru Mungu, na sioni haya kusema najivunia. Lakini mnaonipongeza hamkuniona Januari ile, miaka sita iliyopita.

Nilikuwa na neti 600. Vitunguu peke yake vilinila Sh450,000, nauli mbali. Nyingine zilikuwa pesa za chama, nyingine nilipata kwa kuuza bangili mbili za dhahabu alizoniachia marehemu mama. Habari za kutafuta meli na wakala wa forodha sitawachosha nazo.

Kwa nini Januari? Kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa, na kaskazi yetu ni jua. Unaanika nazi uani, jua linazikausha. Tena tumekuzwa na hadithi za wazee walioshuka na kaskazi kwa majahazi. Nikaona huo ndio wakati wenyewe. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza, kwamba kule Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kaskazi ndiyo majira ya mvua, na Januari mvua yake si ya mchezo.

Nilitangulia Moroni, mji mkuu wao, kwa ndege. Bandari ile ni ndogo na maji yake ni mafupi, kwa hiyo meli kubwa hutia nanga nje na mzigo huletwa gatini kwa matishari, vile vyombo bapa vya kubebea shehena. Bahari ikichafuka, tishari halitoki. Meli yetu ilikaa nje siku tisa. Kila asubuhi nilikwenda kusimama ufuoni nikiiona kwa macho yangu, na vitunguu vyangu viko juu ya sitaha, vimefunikwa turubali visilowe.

Turubali lile ndilo lililonimaliza. Kitunguu kinapumua. Kikifunikwa kwenye joto, kinatoa jasho, na jasho lake linakirudia. Neti ya kwanza iliposhushwa niliingiza mkono katikati, vidole vikazama kwenye kitu laini kama uji, vikatoka na maji ya kahawia. Ile harufu nilikaa nayo mkononi hadi narudi nyumbani. Vya juu vilikuwa vyekundu, vinang'aa, ukivitazama tu unavipenda. Ukibonyeza shingo, kidole kinaingia hadi moyoni.

Tulichambua siku mbili, mimi na mwenzangu wa biashara wa kule. Tukapata neti 210 nzima. Pesa yangu ya kulala ilikuwa imekwisha, nikamwachia auze. Baada ya wiki akanipigia simu: zote zimeoza, dada, pole sana. Nilimwamini. Nililia na yeye akanituliza.

Mwaka uliofuata nilirudi, nikaingia soko la Volo Volo. Mama mmoja mwenye genge, nilipomwambia natoka Mombasa, alinishika mkono akaniuliza lini nitaleta tena vitunguu kama vile vya mwaka jana. Alisema kwa Kingazija, na Kingazija na Kiswahili ni ndugu, sikuhitaji mkalimani. Alikuwa amenunua neti 40 zangu, tena kwa bei nzuri. Yule mtu sitamtaja, lakini kila nikikumbuka alivyonituliza kwenye simu, kifua kinanibana.

Sasa nisikilizeni, wanangu. Cha kwanza si bei. Cha kwanza ni siku ya kushusha. Mtu atakuambia kilo Moroni ni mara mbili ya Kongowea, na huenda ni kweli leo anapokuambia. Lakini Komoro nzima haifikishi watu milioni moja, nao wamegawanyika visiwa vitatu. Meli moja kutoka Dar ikikutangulia kwa siku mbili na shehena ya vitunguu, ile bei haipo tena. Huwezi kugeuza lori ukauze Voi. Kwa hiyo uliza: nani mwingine yuko baharini? Atashusha lini? Na mimi nitashusha lini, kwa hali gani ya bahari?

Mimi sasa huenda wakati wa kusi. Julai na Agosti kule ni ukavu, na ndio msimu wa harusi kubwa, ndugu zao wanarudi kutoka Ufaransa, kila mji una karamu. Mahitaji yapo, na kitunguu hakifungiwi turubali.

La karatasi, moja tu, kwa sababu wengi linawaangusha. Kenya na Komoro zote zimo katika soko huria la COMESA, jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo bidhaa yetu husamehewa ushuru ikiwa na cheti cha asili, kinachotolewa na KRA, mamlaka yetu ya mapato. Lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kile kitunguu kizuri kinachotoka kwao na kuvuka mpaka wa Taveta kuja Kongowea si cha Kenya, hata ukikinunua hapa kwa shilingi. Nunua cha Loitokitok, huku kwetu Kenya, na ujue shamba. Cheti cha afya ya mimea ni cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea, usipakie bila hicho.

Na bei andikianeni kwa yuro. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, shilingi yetu inapanda na kushuka. Nusu ilipwe kabla mzigo haujapanda. Undugu usikuzuie kudai hiyo nusu. Dini moja isikuzuie. Anayekuheshimu atailipa, na siku ya kushusha atakuwa gatini kabla yako kwa sababu pesa yake imo humo.

Nawe kijana wa Likoni: laki tatu usiipakie peke yako, nauli itaimeza. Weka neti 20 kwenye mzigo wangu ujao, kwa jina lako, na mnunuzi nitakuunganisha naye mwenyewe uzungumze. Pesa zinazobaki ziache benki. Jumanne saa kumi alfajiri nitakuwa Kongowea, upande wanakoteremshia malori ya vitunguu. Njoo nikuonyeshe jinsi ya kubonyeza shingo.