Kupima tija ya mikopo ya asilimia 10 ya jiji

Ndugu, umeuliza iwapo kiwango cha marejesho kinatosha kuthibitisha kwamba mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya jiji lenu hapa Tanzania, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imeinua uchumi. Hakitoshi, kwa sababu kikundi kinaweza kurejesha kwa kuchangishana huku mradi wenyewe umekufa. Linganisheni mauzo na ajira za vikundi vilivyokopeshwa na za vile vilivyokidhi vigezo vikakosa fedha. Vilivyosubiri tangu mikopo iliposimamishwa mwaka 2023 hadi iliporejea 2024 vinafaa sana kwa ulinganisho huo. Takwimu zikusanywe kwenye biashara zenyewe, si kwa simu, maana vikundi hewa, yaani vilivyopo kwenye karatasi tu, navyo hupokea simu.