Kitabu cha kuanzia

Ndugu, umeuliza kikundi chenu cha usomaji hapo Masasi kianze na kitabu gani cha kweli kuhusu wanawake wa kawaida na sheria. Ningechagua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, ambamo tunamwona binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, akifinyanga vyungu na kuvichuuza kabla hajavuma kwa uimbaji. Ila sheria humo ni haba. Basi someni pamoja nacho hukumu ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa rufaa yake mwenyewe (ajabu kweli) haikufaulu. Wenye mikorosho iliyopaliliwa na mume na mke watakuwa na mengi ya kuuliza hapo.