Maswali ya Wasomaji: Waliohama Makwao Tuwahesabuje?

SWALI: Mafuriko yamebomoa nyumba, watu wamejazana shuleni na kwenye mahema. Kiongozi wa kambi anasema wapo 2,000, wagawaji wa chakula wanasema 1,300. Tupeleke ipi?

JIBU: Msipeleke yoyote kabla ya kuhesabu wenyewe. Orodha ya kambi mara nyingi huongeza wanaofika bila kuwatoa walioondoka, na kadi za chakula huwaacha wasioandikishwa.

Hesabuni mahema yote, kisha ingieni kila la tano na kuuliza: jana usiku wamelala wangapi humu? Nendeni jioni au alfajiri, maana mchana watu wako vibaruani au wanafukua vyombo matopeni. Hema tupu msiliruke, liandikeni sifuri. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika: mhesabuji huliacha, akabisha hodi kwa jirani mwenye watu, wastani ukapanda. Mkikuta mahema 240, mkaingia 48 na kupata watu 216, wastani ni 4.5; mara 240 ni watu 1,080. Madarasani hesabuni watu mmoja mmoja, kwa kuwa chumba kimoja hubeba familia kadhaa.

Waliopokewa na ndugu hawaonekani kambini, na huenda wakawa ndio wengi. Waulizeni viongozi wawili wa kila kijiji, kila mmoja peke yake: wamefika wangapi, lini, kutoka wapi. Wakipishana sana, piteni nyumba kwa nyumba.

SWALI: Na mahitaji?

JIBU: Ukiuliza tu "mnahitaji nini?" utatajiwa kile wanachodhani umekuja nacho. Pimeni. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kwa watu 1,080 ni lita 16,200. Simameni bombani na saa mkononi, mwone ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani na bomba hutoa maji saa ngapi kwa siku. Angalieni na vyombo: maji yanaweza kutosha huku familia ina dumu moja.

Vyoo, siku za mwanzo kimoja kwa watu 50, baadaye kwa 20. Kilichojaa msikihesabu. Wanawake waulizwe na mwanamke, faraghani. Ndipo mtasikia kwamba mlango hauna komeo na wasichana hujizuia usiku kucha.

Kila tarakimu iandikieni tarehe na njia iliyotumika, na mrudie hesabu baada ya wiki.