Usihame tiba katika wiki ya nane

Dada, umeandika kwamba hii ni wiki yako ya nane ya DBT, tiba ya mazungumzo ya Marsha Linehan inayofundisha stadi za kuhimili hisia kali, kwamba huoni nafuu, na kwamba Alhamisi unafuta miadi ili uhamie tiba ya skima, ile inayochimba mitazamo iliyojengeka tangu utotoni. Kisha ukauliza ipi bora kwa mgonjwa wa haiba ya mpakani (borderline), yaani mwenye hisia na mahusiano yanayoyumba vikali, asiyelazwa hospitalini: hizo mbili au ile ya Bateman na Fonagy, inayomfundisha mtu kuelewa yaliyomo akilini mwake na mwa wengine. Usihame. Mimi nilihama mara tatu, na kuhama huko kuliniibia miaka minne.

Nilianza DBT hapa Toronto: kikao cha peke yangu kila wiki, darasa la stadi kila wiki, na ruhusa ya kumpigia mtaalamu simu ninapozidiwa. Kila usiku nilijaza kadi, nikipima hasira, aibu na hamu ya kujidhuru kwa namba kuanzia 0 hadi 5. Wiki ya tisa namba zilikuwa zile zile, na mshauri mmoja niliyemlipa pembeni akaniambia kwamba tiba inayomfaa mtu huonyesha matunda ndani ya mwezi. Nikaichana kadi, nikajitoa. Foleni ya tiba iliyofuata ilinila miezi 11, na nilipoingia ikanibidi nisimulie utoto wangu upya mbele ya mgeni. Tulipokaribia penye kidonda, nikakimbia tena. Uchungu na yule mshauri haujanitoka, kwa sababu anayeyajua maradhi haya anajua kwamba kukimbia ndiyo dalili yenyewe, naye aliipa dalili yangu jina la busara.

Utafiti wa hapa hapa Toronto, uliochapishwa 2009, uliwagawa wagonjwa 180 kati ya DBT na uangalizi wa madaktari wa akili uliopangwa vizuri, na baada ya mwaka mzima pande zote mbili zilipata nafuu bila tofauti ya maana. Hiyo skima unayoikimbilia, ilipopimwa Uholanzi, ilikuwa vikao viwili kwa wiki kwa miaka mitatu. Ile ya Bateman na Fonagy ilipimwa kwa miezi 18. Basi maliza mwaka kwanza ndipo uamue, isipokuwa mtaalamu wako anakudhalilisha.

Alhamisi nenda na kadi yako, hata kama haijajazwa, umwambie kwamba ulitaka kufuta miadi. Mimi niliporudi DBT, maneno hayo ndiyo yaliyofungua kikao changu cha kwanza chenye maana.