Nakala za Zamani, Usizifute kwa Kuangalia Umri

Usiku mmoja umeme ulikatika, na kompyuta ya ofisini ikagoma kuwaka tena. Ndiyo iliyobeba hifadhidata yote ya duka la dawa za jumla ninalolihudumia hapa Tanga: stoo, madeni, ankara, kila kitu. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na diski ya nje yenye nakala ya akiba (backup) ya kila usiku, nikaichomeka kwenye laptopu yangu mbele ya mwenye duka. Mafaili yalikuwepo kumi na tano, yamejipanga kwa tarehe vizuri kabisa. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa baiti 20.

Baiti 20 ndio ukubwa wa faili la gzip, programu ya kubana mafaili, lisilo na kitu ndani. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha nywila ya hifadhidata, nikasahau kuibadilisha kwenye skripti, ile orodha ya amri inayochukua nakala kila usiku. Basi kila usiku mysqldump, programu inayotoa hifadhidata na kuiandika kama faili, ilikataliwa mlangoni, na gzip ikafunga hewa na kuiandika tarehe. Lakini huo ulikuwa uzembe tu. Kilichotumaliza ni mstari wa mwisho wa skripti, ambao nilikuwa najivunia: `find` yenye `-mtime +14 -delete`, yaani futa kila kilichozidi siku 14. Huo haukukosa kazi hata siku moja. Kila usiku lilipoingia kopo tupu, nakala moja nzima ilitolewa ikatupwa.

"Mwanangu, hizo nakala ulizokuwa unanihesabia ziko wapi?" mama mwenye duka akaniuliza. Nilibaki naangalia kioo cha laptopu. Kilichotuokoa ni flashi ya mhasibu, yenye nakala ya miezi miwili nyuma aliyoichukua kwa sababu zake mwenyewe. Iliyobaki tuliiingiza kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya risiti, na kazi hiyo ilikula siku tisa.

Ubaya wa kufuta kwa umri ni kwamba skripti haiulizi kama kuna kipya kilichoingia. Inaangalia kalenda tu, na kalenda haisimami kukusubiri.

Siku hizi nafuta kwa idadi ya nakala, si kwa umri. Natunza nakala 7 za siku za karibuni, 4 za mwisho wa wiki, 12 za mwisho wa mwezi na 5 za mwisho wa mwaka. Ni kama foleni: anayeingia ndiye anayemsukuma wa mbele atoke, na asipoingia mtu, hakuna anayetoka. Nakala zikikwama mwezi mzima, zile za zamani zitakuwa zimekaa palepale zikinisubiri. Hiyo miaka 5 sikuiokota njiani. Sheria za kodi, Tanzania na Kenya pia, zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5.

Nakala yetu moja ni GB 1.2 hivi. Bila kufuta chochote, diski ya GB 500 ingejaa kwa mwaka na kama miezi miwili. Kwa mpango huu nakala hazizidi 28, yaani GB 34 hivi, hata duka likae miaka mitano.

Sikushauri uandike hesabu hizi mwenyewe kwenye skripti. Mimi natumia restic, programu ya kuchukua na kutunza nakala, na amri yenyewe ni hii:

`restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --keep-yearly 5 --prune`

Mara ya kwanza ongeza `--dry-run`, itakuonyesha kitakachobaki na kitakachoondoka bila kugusa kitu. Ukisahau `--prune`, nakala zitatoka kwenye orodha lakini nafasi ya diski hairudi. Wanaotumia Borg, programu nyingine ya aina hiyo, wana mtego uleule: kuanzia toleo la 1.2, baada ya `borg prune` lazima uite `borg compact`. Mwenye Mac anayetumia Time Machine, programu ya nakala inayokuja na Mac, hana haja ya haya, maana inajipunguzia yenyewe.

Kuna jambo lilinisumbua wiki nzima. Restic hugawa nakala katika makundi kwa jina la kompyuta na njia ya faili, yaani folda lilimo pamoja na jina lake. Mimi nilikuwa naweka tarehe kwenye jina la faili, kwa hiyo kila usiku likazaliwa kundi jipya lenye nakala moja, na `forget` haikuona cha kufuta. Lipe faili jina lilelile kila siku, tarehe itaandikwa na restic yenyewe. Na usilipige gzip kwanza. Restic hutunza vipande vilivyobadilika tu, lakini faili likishabanwa linaonekana jipya lote, na kama unapandisha mtandaoni, bando lako ndilo litakalolia.

Halafu saa. Kwenye cron, ratiba inayoiamsha skripti yenyewe, saa nane usiku huandikwa 2. Niliwahi kuandika 8 bila kufikiri, nakala ikawa inaanza saa mbili asubuhi, wakati wateja wamejaa dirishani na mfumo unasuasua. Wiki nayo ina yake. Kwetu siku ya kwanza ni Jumamosi, jina lenyewe linasema, ila restic huhesabu Jumatatu hadi Jumapili, kwa hiyo nakala ya wiki inayobaki ni ya Jumapili.

Kabla ya kufuta chochote, skripti yangu sasa hukagua kwanza. Ina `set -o pipefail`, ili mysqldump ikishindwa, kushindwa huko kusifichwe na programu iliyo mbele yake kwenye bomba, yaani mnyororo wa programu zinazopokezana data. Faili la leo likiwa dogo kuliko nusu ya la jana, kazi yote inasimama na napata ujumbe kwenye simu. Umenijia mara mbili mpaka sasa. Mara moja diski ilikuwa imejaa, mara nyingine mtu alikuwa amechomoa waya ili achaji simu.

Novemba iliyopita mhasibu alikuta bei ya kununulia ya dawa moja imeandikwa kwa kopo badala ya kwa katoni, na faida ya miezi kadhaa imevimba bila sababu. Nakala za siku 7 zote zilikuwa na kosa hilo. Za wiki 4 pia. Nikaanza kurudisha za mwisho wa mwezi moja moja kwenye laptopu, nikirudi nyuma: Oktoba mbovu, Septemba mbovu, mpaka Aprili. Ya Machi ilikuwa safi. Mama akatoa vitabu vya manunuzi vya Aprili tu, na kabla ya chai ya saa nne ankara tuliyokuwa tunaitafuta ilikuwa mezani.